Ruzuku ya Kuchajia Nyumbani, Ikitazamwa Kutoka Masisi na Walikale

Tarehe 26 Septemba 2023 benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ilianza kupokea maombi ya ruzuku kutoka kwa watu waliotaka kuchaji magari yao nyumbani kwa umeme wa jua. Masharti makubwa yalikuwa matatu: uwe unaishi katika nyumba yako mwenyewe, uwe na gari la umeme au umekwisha kuliagiza, na ununue kwa pamoja paneli, betri ya kuhifadhia na kisanduku cha kuchajia. Ukiyatimiza, ungelipwa hadi yuro 10,200. Zilitengwa yuro milioni 300. Hazikulala. Maombi kama 33,000 yalizimaliza siku hiyohiyo, na dirisha likafungwa.

Yasome masharti hayo tena, polepole, ukiwa Kitshanga au Walikale-Centre, mashariki mwa Kongo. Nyumba yako, gari lako, paa lako, na fedha za kutanguliza kabla ya kurudishiwa. Ruzuku ile haikumtafuta asiye na umeme. Ilimtafuta mwenye umeme tele ili imwongezee. Wajerumani hawako peke yao katika hili. Karibu kila nchi iliyolipia chaji ya nyumbani imejikuta hapohapo. Swali la kuchambua, basi, ni hili: fedha ya umma inapoingia katika umeme wa nyumbani, inamlipia nani, inalipia kitu gani, na watu wa milima ya Masisi na misitu ya Walikale wana dai gani katika hesabu hiyo?

Dai wanalo, na linaanzia chini ya ardhi. Hapa kuna kosa ambalo hurudiwa mno, hata na watu wenye nia njema: kobalti ya betri haitoki Kivu Kaskazini. Hiyo ni mali ya Lualaba na Haut-Katanga, kusini kabisa mwa Kongo. Masisi na Walikale zinatoa vitu vidogo zaidi ambavyo havionekani kwa macho ya mnunuzi. Rubaya, katika teritwari ya Masisi, inatoa koltani, ambayo husafishwa ikawa tantali ya kutengenezea kapasita, vile vipande vidogo vinavyotuliza mkondo wa umeme ndani ya vifaa vya elektroniki. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Walikale nayo inatoa kasiteriti, yaani mawe ya bati. Takriban nusu ya bati linalotumika duniani huishia kuwa lehemu ya kuunganishia vipande vya elektroniki. Mgodi wa Bisie wa kampuni ya Alphamin ulitoa tani 17,324 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya uzalishaji wa dunia nzima. Kisanduku cha kuchajia, mita ya umeme, simu, kompyuta ya gari: vyote vinashikwa na lehemu.

Na mgodi wenyewe? Unaendeshwa kwa majenereta ya dizeli, kwa mafuta yanayosafirishwa kwa malori katika barabara ambazo dereva wa Walikale akizisimulia hutaki kumaliza kusikia. Kabla ya kampuni kuja, mambo yalikuwa magumu zaidi: mawe yaligunduliwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachukuzi wakayabeba mgongoni kilo 50 kila mmoja kupitia msituni hadi Njingala, na ndege ndogo zikatua juu ya lami pale Kilambo kuyachukua kwenda Goma. Umeme haukuwahi kuifuata njia hiyo kurudi.

Namna za ruzuku na wanaozifikia

Serikali zinazotaka watu wachaji magari nyumbani zina njia kuu tatu. Zinaweza kuchangia bei ya kifaa. Zinaweza kusamehe kodi. Au zinaweza kushusha bei ya umeme wenyewe, hasa ule wa usiku, wakati viwanda vimelala na mitambo haina kazi.

Uingereza ilianza na njia ya kwanza. Mpango wake wa awali, kufikia mwisho wake, ulimchangia mwenye nyumba hadi pauni 350 za kufunga kisanduku. Kuanzia Aprili 2022 wenye nyumba za kujitegemea waliondolewa, na mchango ukabakizwa kwa wapangaji na wenye fleti. Uamuzi huo naupongeza, maana angalau ulitambua kwamba mwenye nyumba angeweza kujilipia. Lakini mpangaji alibaki na masharti yake: awe na sehemu yake ya kuegesha isiyo barabarani, na mwenye nyumba akubali ukuta utobolewe. Mkongomani anayeishi ghorofa ya nne mashariki mwa London, anayeegesha barabarani popote atakapopata nafasi, ruzuku hii anaisikia tu.

Marekani ilipita njia ya kodi. Punguzo la asilimia 30 ya gharama za kufunga chaja ya nyumbani, hadi dola 1,000, lilitolewa, na tangu 2023 likawekewa mpaka wa mahali: nyumba iwe katika eneo la kipato cha chini au nje ya miji. Kwa maneno ni ruzuku ya wanyonge. Kwa vitendo, ni punguzo la kodi ambalo halirudishwi kama fedha taslimu. Asiyedaiwa kodi hapati kitu. Familia ya wakimbizi kutoka Masisi iliyohamishiwa huko na kuanza maisha kwa mishahara ya kiwandani inaweza kuishi ndani ya eneo linalostahili na bado isipate hata senti. Na sheria iliyosainiwa Julai 2025 imelifuta punguzo hilo kwa chaja zilizofungwa baada ya tarehe 30 Juni 2026.

Akiba yenyewe, kwa anayeifikia, ni kubwa kweli. Chukua gari lenye betri ya kilowati-saa 60. Uingereza, mwenye mkataba wa umeme wa usiku anaweza kulipa peni 7 kwa kilowati-saa: betri nzima ni pauni 4 na peni kidogo. Jirani yake asiye na pa kuchajia nyumbani anakwenda kwenye kituo cha haraka cha barabarani, ambako peni 75 ni bei ya kawaida: betri ileile ni pauni 45. Juu ya hapo, umeme wa nyumbani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, wa kituo cha barabarani asilimia 20. Gari ni lilelile na nchi ni ileile, lakini asiye na ukuta wake analipa mara kumi ya mwenye ukuta. Hapo ndipo faida yote ya kuchajia nyumbani ilipo. Mchango wa pauni 350 ni kitu kidogo ukilinganisha na haki ya kufikia ile bei ya usiku mwaka baada ya mwaka.

Tukirudi Afrika Mashariki, Kenya iliona jambo hilo mapema. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 saa za usiku, kabla ya tozo nyingine. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulikuwa umekwisha kushushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Anayefaidi zaidi bei hiyo ni kampuni yenye mabasi au pikipiki za kukodisha, inayonunua umeme kwa wingi na kuchajia usiku. Hilo ni sawa kabisa. Nairobi ni mji wa nyumba za kupanga, na mwendesha bodaboda hana gereji. Ndiyo maana huko biashara ya kubadilishana betri imeshika kasi: unaingia kituoni, unaacha betri tupu, unaondoka na iliyojaa. Chaji ya nyumbani imehamia mtaani, na mwenye pikipiki hakuhitaji kuwa na nyumba.

Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2021 magari ya umeme, betri, vipuri na vifaa vya kuchajia vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa forodha, vituo vya kuchajia vinauziwa umeme kwa bei ya viwanda, na mwenye kujenga kituo anaweza kupewa ardhi ya serikali bila kodi. Kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa biashara ya abiria Kigali. Ni sera iliyopangika, na kwa mtu wa Goma inaonekana kwa macho, ng'ambo tu ya mpaka, Gisenyi. Lakini mtu huyo hawezi kuitazama bila kukumbuka jambo jingine: ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Desemba 2024 ilisema angalau tani 150 za koltani ya Rubaya zilivushwa kwa magendo hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Kigali imekuwa ikikanusha. Vyovyote iwavyo, upande mmoja wa mpaka unasamehe kodi kwenye chaja, na upande wa pili, mlima wenye malighafi ya elektroniki haujui mita ya umeme.

Kutoka Goma kupanda milimani

Kongo nayo haikukaa bila sheria. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa shirika la umma, SNEL, na kuruhusu watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Goma na viunga vyake vilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuona matunda. Virunga Energies, kampuni iliyozaliwa na Hifadhi ya Virunga, ilizindua mtambo wa maji wa Matebe, Rutshuru, Desemba 2015, wenye megawati 13.8. Nuru, kampuni ya umeme wa jua, iliwasha kituo cha megawati 1.3 katika mtaa wa Ndosho Februari 2020. Kwa mtu aliyeishi Goma kwa kutegemea SNEL na mishumaa, hayo yalikuwa mapinduzi. Mashine za kusaga zilihama kutoka dizeli, vinyozi wakaacha kelele za jenereta mlangoni.

Lakini tuupime umeme huo kwa kipimo cha gari. Kisanduku cha kawaida cha nyumbani huko Ulaya huvuta kilowati 7. Magari 185 yakichajiwa pamoja kwa visanduku hivyo yangekula nguvu yote ya kituo cha Ndosho saa sita mchana, jua likiwa utosini, na mtaa mzima ungezimika. Kwa hiyo anayependekeza kwamba Kivu Kaskazini iige ruzuku za magari za Ulaya anapendekeza kwamba mitaa ya watu wengi ichangie gereji za watu wachache. Sisemi hakuna atakayelipendekeza. Misamaha ya kodi kwa magari ni rahisi kuandika, na wanaoandika sheria ndio wenye magari.

Sasa ondoka Goma, pita Sake, panda. Masisi ni nchi ya vilima vya malisho, viazi na maharage, ya ng'ombe na jibini. Jibini la Masisi linasifiwa hadi Kinshasa, na moja ya sababu za kuwepo kwake ni ukosefu wa umeme: maziwa yasiyo na jokofu hayasubiri soko, jibini linasubiri. Endelea magharibi uingie Walikale, teritwari kubwa kuliko zote za mkoa, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu zote msitu. Mto Osso unashuka kutoka Masisi, Lowa unapita Walikale kuelekea Lualaba. Maji yapo kila upande, na nguvu za maji hayo zinapita bure. Kwa taifa zima, Benki ya Dunia inahesabu kwamba mtu mmoja kati ya watano ndiye aliyefikiwa na umeme, na vijijini ni wachache mno. Masisi na Walikale ziko upande huo wa mwisho.

Hata hivyo watu wanachaji. Kila senta ina kibanda chenye paneli juu ya bati, betri ya gari chini ya meza na rundo la simu juu yake. Hiyo ndiyo chaji ya nyumbani ya Masisi, isipokuwa haiko nyumbani. Tuifanyie hesabu. Simu janja moja, pamoja na umeme unaopotea njiani, inahitaji kama wati-saa 25. Kilowati-saa moja, basi, inajaza simu 40. Tuseme mwenye kibanda anatoza senti 10 za dola kwa simu. Kilowati-saa ile imeuzwa kwa dola 4. Kwa simu ndogo za batani, ambazo betri zake ni ndogo zaidi, imeuzwa kwa zaidi ya dola 10. Yule mwenye gari wa Uingereza, katika saa zake za usiku, analipa kama senti 9.

Zaidi ya mara 40! Na mwenye kibanda si mnyonyaji. Amenunua paneli kwa fedha yake, ameipitisha vizuizini, betri yake inakufa baada ya mwaka au miwili, na kesho anaweza kukimbia na kuiacha. Bei yake inabeba gharama zote ambazo kwingine zimebebwa na serikali, benki na waya. Mambo ya umeme ndivyo yalivyo: ruzuku humwagwa pale ambapo kilowati-saa tayari ni rahisi, na pale ilipo ghali kuliko kote haifiki. Kwa maoni yangu, mpango wowote wa ruzuku upimwe kwanza kwa hilo. Je, unashusha bei ya yule anayelipa dola 4, au ya yule wa senti 9?

Ukianzia hapo, orodha ya vitu vya kulipiwa inabadilika. Gari linaondoka kabisa. Paneli ndogo ya wati 20 huzalisha kama wati-saa 90 kwa siku ya jua la wastani. Kujaza betri moja ya gari ingehitaji karibu miaka miwili ya paneli hiyo, wakati kwa nyumba moja inatosha taa tatu na simu kila siku. Ruzuku ya kwanza ni hiyo: seti ya taa na chaji ya simu. Kampuni za kuuza kwa mkopo wa polepole zipo Kongo. Altech, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, vijana wa Kivu Kusini waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kinshasa nayo imeunda Mfuko wa Mwinda, uliokusudiwa kuwa mlango wa ruzuku za umeme wa nje ya gridi. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni barabara, usalama, na uamuzi wa kuanza na walio mbali.

Ya pili ni pikipiki, kwa kuwa ndiyo gari la Masisi. (Chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ndicho chombo pekee kisichohitaji ruzuku wala chaji: kinashuka na viazi kwa nguvu ya mlima, kinapanda kwa nguvu ya kijana.) Wamotari wananunua petroli ya chupa na vibuyu kwa wauzaji wa pembeni, wale wanaoitwa kadafi, na kila kilomita kutoka Goma inaiongezea bei. Pikipiki ya umeme hutumia kilowati-saa 3 au 4 kwa kilomita 100, ingawa kwenye milima kama ile huenda ikazidi. Paneli za kilowati moja huzalisha kama kilowati-saa 4 kwa siku. Kwa hiyo kituo cha kilowati 20 katika senta, chenye betri za kubadilishana, kinaweza kubeba wamotari wapatao 20, na jioni kikabakiza kidogo cha jokofu la chanjo. Hilo ni wazo la Nairobi na Kigali likipandishwa mlimani. Sina hakika kwamba leo lingejilipa bila msaada, kwa sababu pikipiki yenyewe ni ghali na fundi wake yuko mbali. Lakini hapo ndipo neno ruzuku lina maana: kulipia pengo kati ya kitu kinachokaribia kujilipa na kinachojilipa.

Zahanati na hospitali sizihesabu katika ruzuku. Hizo ni wajibu, zitangulie.

Masharti yanayofaa mahali penye vita

Kuna ruzuku nzuri inayoharibiwa na fomu yake. Ujerumani iliuliza: nyumba ni yako? Swali hilo likiulizwa Masisi ni baruti. Ardhi ndiyo kiini cha ugomvi wa teritwari hiyo kwa miongo mingi: mashamba makubwa ya ng'ombe yenye hati za mjini upande mmoja, wakulima wanaolima kwa mila ya machifu upande mwingine, na kati yao watu waliofukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Ruzuku inayodai hati ingemfikia mwenye shamba la ng'ombe anayeishi Goma au Kinshasa, na ingemruka mpangaji wa shamba lake. Zaidi ya hapo, ingeongeza sababu ya kugombania hati. Kwa hiyo sharti la nyumba liondolewe. Kifaa kiandikwe kwa mtu na namba yake ya simu.

Jambo la pili ni kuhama. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwisho wa Aprili 2024, Goma mwisho wa Januari 2025, na Walikale-Centre tarehe 19 Machi 2025 kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Mgodi wa Bisie ulifungwa tarehe 13 Machi na kuanza kufunguliwa kwa awamu mwezi uliofuata. Mapigano ya Januari yalikata njia za umeme za Virunga, na Goma ikakosa umeme na maji kwa pamoja, kwa kuwa pampu zinategemea waya uleule. Waya na nguzo ni uwekezaji bora kwa nchi tulivu, kwani umeme wa mtambo wa maji ni nafuu kwa kila kilowati-saa. Kwa nchi inayokimbia, kitu kinachobebeka kina thamani nyingine. Paneli ndogo inaingia kwenye mzigo pamoja na sufuria. Ni kweli pia inaibwa kirahisi zaidi kuliko nguzo, na mwenye bunduki anaijua bei yake. Sioni njia ya kuukwepa ukweli huo, isipokuwa kulipa ruzuku kidogo kidogo kadiri kifaa kinavyotumika, badala ya yote siku ya kwanza, ili hasara ya wizi isiwe nzima.

La tatu ni njia ya malipo. Benki za biashara za Goma zilifunga milango Januari 2025, na watu wakageukia pesa za simu zaidi ya hapo awali. Ruzuku itakayopitia akaunti ya benki haitafika. Itakayopitia simu inaweza kufika, na hata ndugu aliye Leuven au Texas anaweza kumalizia deni la paneli ya mama yake bila kumtuma mtu. Lakini mnara wa simu nao ukizimwa, kifaa kinachojifunga kwa kukosa malipo kitamwacha mteja gizani kwa kosa lisilo lake. Mkataba wowote wa ruzuku ungepaswa kusema wazi: mtandao ukikatika, taa ibaki inawaka.

Fedha zipo wapi

Jibu la haraka la watu wengi ni wafadhili. Mimi nadhani tuanze na sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018. Inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au utawala wa kichifu ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Pamoja na hayo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi.

Tupige hesabu ya juujuu kwa Bisie. Tani 17,324 za mwaka 2024, kwa bei ya wastani ya soko la London iliyokuwa karibu dola 30,000 kwa tani, ni kama dola milioni 520. Mauzo halisi yanaweza kutofautiana kidogo, kwa kuwa kinachouzwa ni mchanga wa bati ambao haujayeyushwa, lakini tuchukue hiyo. Mrabaha wa bati ni asilimia 3.5: dola milioni 18. Sehemu ya sekta, asilimia 15, ni dola milioni 2.7. Zile 0.3 za jamii ni milioni 1.5 na zaidi. Sasa tuseme seti ya taa tatu na chaji ya simu inauzwa dola 150 na ruzuku inalipa nusu. Fungu la sekta peke yake lingechangia seti 36,000 kwa mwaka. Likatwe nusu kwa ajili ya barabara, shule na mishahara, linabaki la seti 18,000. Huo ni mwaka mmoja, mgodi mmoja.

Masisi hali ni mbaya zaidi. Februari 2025 wizara ya madini ilitangaza migodi 38 ya wachimbaji wadogo ya Masisi na Kalehe kuwa myekundu, yaani madini yake hayaruhusiwi kuuzwa. Kisheria, basi, Rubaya haina mrabaha. Kiuhalisia ina kodi: wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba M23 walikuwa wakikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya hapo. Kwa mwaka ni milioni 9.6, ambazo kwa kipimo kilekile ni nusu ya bei ya seti 128,000. Kwa hiyo mchimbaji wa Rubaya analipa kodi ya kutosha kuangaza teritwari nzima, na jioni anarudi kupanga foleni ya simu kibandani.

Najua hoja ya kupinga. Wapo wanaosema ruzuku ya umeme ni mtego: ikianza haishi, inakausha mashirika, inaharibu soko la wauzaji wa paneli wanaojitegemea. Uganda ilitangaza kuunganishia watu umeme bure mwaka 2018 na baadaye ikasimama kwa kukosa fedha. Kenya ilishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 mwaka 2015, na nyumba nyingi zilizounganishwa zikatumia umeme kidogo mno kiasi kwamba shirika halikurudisha gharama. Tahadhari hiyo ni ya kweli, lakini inahusu zaidi ruzuku ya waya na ya bei ya kila mwezi. Ruzuku ya mara moja kwa kifaa kidogo, inayolipwa kupitia muuzaji yeyote anayetimiza viwango, haina deni la kesho, na muuzaji hafi, anaongezewa wateja. Nisichokubali ni hoja hiyo kutolewa na nchi zilizomaliza yuro milioni 300 kwa siku moja.

Kongo ni mwanachama wa ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini, na ripoti zake zinapaswa kuonyesha malipo hadi ngazi ya sekta. Wakazi wa Walikale, vyama vya vijana, maparokia, redio za jamii: waulizeni viongozi wa sekta na wa mkoa fungu la asilimia 15 liliingia kiasi gani mwaka jana, katika akaunti gani, na taa ngapi zimetokana nalo. Wasomaji mlio Uingereza, Ubelgiji na Marekani mnaochaji magari usiku kwa bei nafuu, waulizeni wabunge wenu swali lilelile kuhusu bati na tantali. Wenye haki ya kuuliza ni ninyi nyote.